Mama, muuguzi wa kibanjani

Mama hapendi kuambiwa kwamba uuguzi ulikuwa wito wake. Kila anapoalikwa kusema neno, iwe kanisani au kwenye maadhimisho ya Mei 12, siku ya wauguzi duniani, mshereheshaji huanzia hapo hapo: mama huyu ana wito, mama huyu ana moyo wa huruma. Yeye husubiri amalize, hushukuru, kisha husema kwamba alisoma. Alifundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili. Alifundishwa kujaza chati, kuchemsha sindano, kusikiliza kifua. Na kabla ya hayo yote bibi yangu alikuwa ameshamfundisha kutunza kibanja. Wito, husema, Mungu ndiye aujuaye. Kazi ndiyo mnayoweza kuiona.

Ninaandika makala haya nikiwa upande wake. Nimesoma sifa nyingi za wauguzi wetu, na karibu zote zinaishia kwenye huruma. Huruma ni jambo jema, lakini haimwondolei mgonjwa kidonda cha mgongoni. Kinachomwondolea ni mtu anayejua kwamba ngozi ya kiunoni ikishakuwa nyekundu umechelewa kidogo, na kwamba usiku wa leo lazima mtu akeshe.

Alizaliwa katikati ya miaka ya 1950 kwenye uwanda wa Kamachumu, Muleba, mkoani Kagera, katika nyumba iliyozungukwa na migomba. Kwa asiyeijua Kagera, kibanja ni makazi na shamba kwa pamoja: nyumba imo ndani, makaburi ya ukoo yamo ndani, migomba imesimama juu, mibuni chini yake, maharage katikati. Udongo wake umetengenezwa na watu. Ukitoka nje ya kibanja unakutana na rweya, nyika ya nyasi yenye udongo hafifu, na tofauti ya hapa na pale ni vizazi vya samadi ya ng'ombe na mizigo ya nyasi iliyobebwa kichwani kuja kutandazwa chini ya migomba. Mizigo hiyo mingi ilibebwa na wanawake na wasichana. Mama aliibeba.

Bibi alikuwa na desturi ya kukizunguka kibanja alfajiri, kabla hajawasha moto. Alipita mgomba kwa mgomba. Huu mkungu umekuwa mzito, unahitaji nguzo. Huu una fukusi kwenye shina. Huu machipukizi yake ni mengi, yapunguzwe. Mama alikuwa akimfuata nyuma, na bibi humuuliza swali lile lile: jana ulikuwaje? Hakutaka jibu la "mzima". Alitaka kujua kilichobadilika tangu jana. Miaka mingi baadaye mama alituambia kwamba siku ya kwanza alipoingia wodini na matroni akaanza kupita kitanda kwa kitanda, alijisikia yuko nyumbani.

Babu aliuza kahawa kwenye chama cha ushirika, na fedha ya msimu ndiyo iliyompeleka shule. Hospitali ya Ndolage, ya Kilutheri, ilikuwa pale pale Kamachumu, na wasichana wa pale walikua wakiwaona wanafunzi wa uuguzi wakiingia kanisani Jumapili wakiwa wamenyooka ndani ya magauni meupe. Aliingia chuo cha hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anachokumbuka zaidi ni kitanda. Wiki nzima za kutandika kitanda: pembe zikunjwe vilevile kila upande, shuka lisiwe na kunyanzi hata moja, kwa sababu kunyanzi moja chini ya mtu asiyeweza kujigeuza ni kidonda kesho kutwa. Sisi watoto wake tulilala maisha yetu yote ya utotoni kwenye magodoro yenye pembe za hospitali.

Imani yake ni ya Uamsho, ule uliotokea upande wa Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaenea hadi kwetu. Ni imani ya kusema wazi. Ndugu hukutana, mtu husimama akakiri mbele ya wenzake kile kilichomshinda wiki hiyo, wakaimba, wakaendelea. Wakati wa ujana wake askofu wa Walutheri wa Bukoba alikuwa Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, na mama hujivunia jambo hilo hadi leo. Baba yeye ni Mkatoliki, mtu wa Maruku, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Kwao Wakatoliki anayetajwa ni Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa kardinali. Ndoa ile ilihitaji vikao virefu kuliko mahari. Ilipita, na tangu hapo nyumbani kwetu sala ya jioni ni moja na Jumapili kila mtu huenda kwake.

Vita vya Kagera vilimkuta na mimba yangu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka wakashika eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wa Missenyi waliokimbia walishuka kusini na watoto mgongoni. Mama hapendi kuzisimulia siku zile. Anachotaja ni miguu: miguu iliyopasuka, na watoto wa kuhara aliowanywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, wakati sukari yenyewe ilikuwa ya kutafutwa.

Kilichokuja baada ya hapo ndicho kilichomfanya awe mtu niliyemjua.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani kwetu. Wauguzi walikuwa wameshaanza kuona kitu kisichoeleweka. Vijana wa biashara za mpakani, watu wenye nguvu na nguo nzuri, walikuja na kuhara kusikokoma, mkanda wa jeshi, homa, na kukonda kulikowamaliza kabisa. Mitaani ugonjwa uliitwa Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Wengine walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo waliodhulumiwa. Kisha wakaanza kuja wake zao. Kisha watoto wachanga. Utafiti uliofanywa mwaka 1987 ulikuta kwamba mjini Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi, asilimia 24. Soma tena namba hiyo taratibu. Mjini hapakuwa na mtaa, kwaya wala ofisi ambayo haikuguswa.

Wakati huo mama alikuwa amehamia hospitali iliyo karibu na nyumbani kwa baba. Magodoro yalitandikwa sakafuni kati ya vitanda. Glovu zilikuwa chache, zikafuliwa, zikaanikwa, zikatiwa poda, zikavaliwa tena. Dawa ya ugonjwa wenyewe haikuwapo. Ndugu wengi walifika hadi mlangoni, wakaacha chakula, wakaondoka. Na hapa ndipo uuguzi ulipobaki peke yake, bila daktari wa kuusaidia, kwa sababu daktari hakuwa na cha kuandika. Kulikuwa na kuosha, kugeuza, kulisha, kusafisha mdomo wenye utando mweupe, kubadilisha shuka mara tano usiku mmoja. Mama aliyafanya hayo kwa miaka.

Mwanamke wa Kihaya hupiga magoti anapomsalimia mtu mzima. Mama alipiga magoti wodini. Mgonjwa aliyelala sakafuni, aliyekimbiwa na ndugu zake, alimwona muuguzi mwenye sare akipiga magoti na kumwamkia kwa jina la ukoo wake kabla hajamfunua kumwosha. Haya nimesimuliwa na watu wengine, na baadhi yao ni watoto wa waliooshwa.

Aliogopa pia, na hakuificha hofu yake. Mikono yake ilikuwa mikono ya mkulima: mikwaruzo ya matawi ya mibuni, vidole vilivyokatwa na kisu cha kumenyea ndizi. Glovu ikipasuka, kila kidonda kidogo kilikuwa mlango. Basi akaweka sheria. Kabla ya zamu hakushika kisu wala panga. Sisi ndio tuliomenya, hadi vidole vyetu vikawa vyeusi kwa utomvu. Alikagua mikono yake mbele ya dirisha, kidole baada ya kidole, na palipochubuka alipafunga kwa plasta, na siku ambayo hakuwa na plasta alimwomba mwenzake wabadilishane kazi wodini. Watoto wa jirani walidhani mama yetu anaringa kwa sababu hamenyi ndizi.

Kisha hospitali zikajaa, na wagonjwa wakaanza kurudishwa nyumbani kufia kwao. Nadhani hapo ndipo mama alipofanya kazi kubwa kuliko yoyote, na haimo kwenye faili lake la ajira. Alichukua yote aliyojifunza chuoni akayapeleka kibanjani. Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa mabibi, kwa maana mabibi ndio waliobaki kuuguza, na akawafundisha kwa vitu walivyokuwa navyo. Shuka la mpira halipo? Jani la mgomba, lipitishwe juu ya moto mpaka lilegee, litandikwe chini ya mgonjwa, likichafuka lizikwe, lingine likatwe. Damu na kinyesi visishikwe kwa mkono mtupu, mfuko wa plastiki unatosha kuuvaa. Maji ya chumvi kwa mdomo. Uji mwepesi, kidogo kidogo, usimlazimishe. Mgeuze jua likichomoza, mgeuze ukichuma maharage, mgeuze ukirudi kisimani. Mabibi wasiojua saa walijua kazi za siku, naye akazifunga saa mbili zake humo humo.

Aliwafundisha pia mahali ugonjwa usipopita. Haupiti kwenye sahani. Haupiti kwenye kikombe, wala kwenye kukaa kitandani ukamshika mwanao mkono. Mabibi walitaka sana kulisikia hilo kutoka kwa mtu wanayemjua, aliyetoka kumwosha mgonjwa asubuhi na sasa anakula nao ndizi.

Kanisani kulikuwa na vita vingine. Miaka ile palikuwa na mahubiri mengi ya adhabu, na siku moja kwenye mkutano wa ndugu wa Uamsho, mmoja wao alisimama akasema Mungu anafyeka wazinzi. Mama akasimama baada yake. Alisema alichokuja kukiri siku hiyo ni uchovu, kwamba alikuwa amechoka kiasi cha kutotaka kuomba, na kwamba asubuhi ile alikuwa amemwosha binti ambaye mwanamume pekee aliyewahi kumjua ni mume wake wa ndoa, aliyefungishwa naye katika kanisa hilo hilo. Akaketi. Nilikuwa mtoto, nimekaa kwenye mkeka karibu na miguu yake, na ninakumbuka kwamba wimbo ulichelewa kuanza.

Ugonjwa uliingia na kwetu. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alifariki, akimfuata mke wake, na watoto wao wakaja kuishi nasi. Baba aliongeza chumba. Ada za shule zikawa mzigo wa kahawa, na kahawa ikatuangusha kwa sababu zisizotuhusu kabisa: Julai 1989 mfumo wa mgawo wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ulivunjika, bei ya dunia ikaporomoka, na mkulima wa Maruku akauza gunia lile lile kwa fedha isiyotosha daftari. Mshahara wa muuguzi ulikuwa hautoshi tangu zamani. Tulikula kwa sababu ya migomba. Mama alirudi zamu ya usiku, akalala kidogo, akaamka kubeba nyasi za matandazo, kwa kuwa kibanja kisipotandazwa mwaka huu, mwaka kesho mikungu inakuwa midogo na watoto wale wote wanakaa mezani.

Sitaki mtu asome hapa sifa ya ufukara. Serikali na waajiri wa miaka ile waliegemea mno kwenye hilo neno la wito. Mtu mwenye wito hadai posho ya usiku, hadai glovu, haulizi kwa nini wauguzi wawili wanaangalia wodi ya wagonjwa sitini. Wenzake mama kadhaa waliondoka kwenda nje ya nchi, na siwezi kuwalaumu. Wengine walikufa. Sisi tulilipa kwa namna yetu: Krismasi bila mama, ripoti za shule zilizosainiwa na baba, mtoto mwenye homa aliyeambiwa asubiri mpaka zamu iishe. Ninayesema haya ninampenda, naye anayajua, tumeshayazungumza.

Kulikuwa pia na wajane. Mume akifa, ukoo ulikuja kuhesabu migomba kabla matanga hayajaisha, maana kwa mila zetu ardhi ya ukoo haikuwa ya mwanamke. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua, katika kesi iliyotoka kwetu Uhayani, kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kama mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo inapingana na Katiba. Habari ile ilitufikia kwa redio na kwa midomo. Mama hakuwa mwanasheria, lakini kwenye vikao vya ukoo vilivyomjadili mjane ambaye yeye mama aliwahi kumfundisha kuuguza, alikwenda. Alieleza mbele ya wazee kazi iliyofanywa ndani ya nyumba ile, usiku kwa usiku, bila kuruka: nani alimgeuza marehemu, nani alizika majani, nani alikuwa hayupo. Baadhi ya wajane walibaki kwenye vibanja vyao. Wengine hawakubaki, na majina yao anayataja katika sala mpaka sasa.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwishoni mwa 2004. Mama bado alikuwa kazini. Alimwona mtu aliyeletwa kwa machela akirudi kliniki baada ya miezi michache, juu ya baiskeli, amebeba mkungu wa ndizi wa kuwapa wauguzi. Nilitegemea angesimulia kwa furaha tupu. Alifurahi, ndiyo, aliimba jikoni. Lakini usiku ule alilia, na baba aliponiambia nilielewa bila kuuliza. Mdogo wake alikuwa amekufa kwa ugonjwa ambao sasa una kidonge. Kwa kadiri nimjuavyo, hajawahi kusema kwamba Mungu alikuwa na mpango katika kuchelewa kule. Huomba, na hilo hulipita kimya.

Alistaafu, akarudi kibanjani moja kwa moja, na mnyauko wa migomba ulikuwa umeshaingia mkoani. Ugonjwa huo nao hauna dawa. Mgomba ukianza kunyauka na utomvu wa njano kutoka unapokatwa, unang'oa na kuzika, na panga unalichoma motoni kabla hujagusa mgomba mwingine. Alikuwa mkali sana kuhusu panga. Vijana wa kazi walimwogopa.

Kisha ikaja Machi 2023. Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini ni Marburg, kwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Kata ya Maruku ilikuwa mojawapo ya zilizoguswa. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, walioripotiwa kuugua walikuwa tisa, na sita kati yao walikufa, mmoja wao mtumishi wa afya. Watu zaidi ya 200 waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa. Nilikuwa Dar es Salaam, nikimpigia simu kila jioni kumsihi akae ndani, naye kila jioni alikuwa nje.

Katika majuma yale mzee mmoja wa ukoo wetu alifariki. Umri ulikuwa umemfikia, na vipimo havikuonyesha Marburg, lakini agizo lilikuwa moja kwa misiba yote: pasiwe na mkusanyiko, pasiwe na kushikana mikono, maiti isioshwe na ndugu. Kwa Wahaya huo ni mzigo mzito. Marehemu huoshwa na watu wake, na watu hulala msibani. Mama aliposema agizo lifuatwe, wazee walimkatalia hadharani. Shangazi mkubwa wa ukoo, yeye mwenyewe bibi aliyefundishwa jani la mgomba miaka ya 1980, alimwambia mbele ya wote: wewe ndiwe uliyetufundisha tusiogope kugusa. Ulitwambia anayekimbia maiti ya nduguye hana imani. Leo unatwambia tumwache?

Baba ndiye aliyenisimulia jibu la mama. Alipiga magoti kwanza, akamwamkia shangazi. Akasema: sikuwafundisha kugusa, niliwafundisha kujua ugonjwa unapita wapi. Ule ulipita kwenye damu, na kushikana mkono hakukuwa mlango. Huu unapita kwenye jasho, kwenye matapishi, kwenye maji yote ya mwili, na mtu akishakufa bado umo. Huyu mzee wetu hakuwa nao. Lakini tukimwosha huyu, kesho kwa jirani watamwosha yule aliye nao, kwa kuwa walituona. Mchungaji alikuwepo, na padre wa kwa baba pia, nao wakamuunga mkono. Majadiliano yaliendelea hadi saa sita mchana.

Mzee alizikwa siku ile ile na watu wachache waliovaa glovu, wengine wamesimama mbali kati ya migomba, wameachana, wakiimba. Kwenye lango la kibanja paliwekwa ndoo ya maji yenye klorini. Aliyekaa kando ya ndoo hiyo kutwa nzima, na fimbo mkononi, akihakikisha hakuna anayeingia wala kutoka bila kunawa, awe mzee wa ukoo au mchungaji, alikuwa shangazi.